Skuta inalia lakini haipandi: kabla hujakubali ovahoo

Swali: "Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani na nafundisha Mtwara mjini. Nilinunua skuta iliyotumika ya cc 125 kutoka Dar es Salaam. Siku hizi asubuhi nikibonyeza stata inagonga 'tk' halafu kimya, ila nikipiga kiki inawaka. Nikipanda kilima cha kwenda nyumbani injini inalia kwa nguvu lakini skuta inajikokota, na nasikia harufu ya mpira ulioungua. Kutu imeshaanza chini. Kila Jumamosi naiosha kwa mashine ya presha pale wanapooshea bodaboda, na Jumapili nyingine huwa tunakwenda nayo ufukweni Msimbati. Fundi mmoja ameniambia ninunue kabureta mpya kisha nifanye ovahoo. Nimsikilize? Na kipi naweza kukifanya mwenyewe nyumbani?"

Mwalimu, kabureta usinunue, na ovahoo, yaani kufumua injini yote, iache kwanza. Maelezo yako mwenyewe yanaitetea injini. Skuta inayowaka kwa kiki ni skuta ambayo petroli inafika, cheche ipo na silinda inabana. Kabureta ingekuwa mbovu, hata kiki ingekutoa jasho. Na injini inayolia kwa nguvu mlimani haijachoka. Iliyochoka huzama, sauti yake hushuka jinsi mlima unavyopanda. Ukitaka kujiridhisha, tazama moshi asubuhi ukiwa umeiwasha tu, na pima oili kila wiki. Injini inayodai ovahoo hutoa moshi wa bluu na hula oili bila kuvuja popote. Kama huoni hivyo viwili, hela yako ibaki mfukoni.

Simlaumu huyo fundi. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye pikipiki za mnyororo, na kwenye pikipiki ya mnyororo ikikosa nguvu mtu huanza na kabureta. Skuta imejengwa kwa namna nyingine. Ukiielewa namna hiyo, dalili zako mbili zinajieleza zenyewe: ile ya asubuhi ni ya umeme, ile ya mlimani ni ya mkanda. Na zote mbili, kwa mtu anayekaa Mikindani na kuosha kwa presha kila wiki, naanza kuzitafuta kwenye maji na chumvi.

Nianze na mlimani, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Ubavuni kushoto mwa skuta yako, ndani ya kile kifuniko kirefu, kuna puli mbili na mkanda wa mpira katikati yake. Puli ya mbele imefungwa kwenye shafti ya injini, na ndani yake mna rola ndogo, kwa kawaida sita. Injini ikizunguka kwa kasi, rola hurushwa kwenda nje, puli inabana, mkanda unapanda juu, na hapo ndipo "gia" inapobadilika bila wewe kugusa kitu. Nyuma, viatu vya klachi hutanuka na kushika kikombe kinachozungusha gurudumu. Yote haya yanafanya kazi kwa msuguano mkavu. Likiingia tone la oili, grisi au maji, mkanda au klachi inateleza: injini inalia, gurudumu linasubiri, na mpira unaungua. Ndiyo harufu unayoisikia.

Sasa fikiria mashine ya presha. Kifuniko kile kina matundu ya kuvuta hewa ili mkanda usipate joto kupita kiasi. Kijana wa kuosha hajui hilo, anaelekeza bomba pale pale kwenye tope. Maji yanaingia na mchanga wa Msimbati ndani yake. Maji yatakauka, ila mchanga na chumvi vinabaki vikisaga mkanda na puli kila siku unapokwenda kazini.

Kufungua kifuniko na kutazama unaweza mwenyewe, ukiwa na spana boksi namba 8 na nusu siku ya utulivu. Injini iwe imepoa, skuta iwe kwenye stendi kubwa, ufunguo umetoka. Kwenye skuta nyingi utalegeza kwanza boksi la chujio la hewa ili upate nafasi, na mkono wa kiki utoke au utoke pamoja na kifuniko, kutegemea aina. Bolti za kifuniko hazilingani urefu. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la kifuniko, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikienda kwenye tundu fupi hupasua alumini, na ufa wa alumini hauzibwi kwa gundi.

Kifuniko kikishatoka, usipulize. Vumbi jeusi lililomo linatokana na mkanda na viatu vya klachi, si la kuingia kifuani. Funga barakoa, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha tazama mkanda kwa karibu, meno kwa meno, ukiupinda kwa vidole kila sehemu unayoifikia. Nyufa kwenye mizizi ya meno, nyuzi zilizochomoza pembeni, au ubavu unaong'aa kama kioo, vyote vinasema ubadilishwe. Mgongoni mwa mkanda kuna namba. Kwa injini nyingi za Kichina za cc 125 na 150 utasoma mfano 743 20 30, maana yake urefu milimita 743, upana milimita 20 na pembe digrii 30. Nunua wenye namba zile zile. Upana ukishapungua milimita moja na zaidi, mkanda huzama ndani ya puli na skuta hupoteza mwendo wa juu hata kama haijaanza kuteleza. Watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 10,000 na 20,000. Kwa kuwa ulinunua iliyotumika na hujui mwenzako aliubadilisha lini, huku kwetu hesabu ile ndogo ndiyo ya kuishika.

Ukikuta unyevu, tofautisha. Maji yaliyokauka huacha alama nyeupe na kutu nyepesi kwenye puli. Oili nyeusi inayong'aa nyuma ya puli ya mbele inatoka kwenye sili (ule mpira wa kuzuia oili) ya shafti ya injini; oili upande wa nyuma, karibu na klachi, inatoka kwenye sili ya gia. Hapo kubadilisha mkanda peke yake ni kuulisha oili mkanda mpya. Sili kwanza, mkanda baadaye.

Kama mkanda bado mzima na kavu, tazama kikombe cha klachi. Kikiwa na rangi ya bluu, kimeungua kwa kuteleza. Viatu vikiwa vimeng'aa, msasa mwepesi huvirudishia mshiko. Vikiwa vimebaki vyembamba, vibadilishwe.

Kutoa nati ya puli mwachie fundi, tena simama hapo hapo utazame jambo moja. Nati ya mbele hufungwa kwa nguvu nyingi na inahitaji kizuizi maalumu au mashine ya kufungulia nati. Wakati wa kurudisha, mkanda mpya lazima usukumwe uzame ndani ya puli ya nyuma ili upande wa mbele ulegee kabisa. Usipolegea, mkanda unabanwa katikati ya puli ya mbele, nati inakaza dhidi ya mpira, na mkono wa fundi unadanganyika kuwa imekaza. Baada ya mwendo mfupi mpira unajipanga, nati inalegea, na meno ya shafti ya injini yanasagika. Huo ndio uharibifu unaoweza kukupeleka kweli kwenye ovahoo, kwa sababu shafti ile iko ndani ya injini. Fundi akimaliza kukaza, mwombe azungushe puli ya mbele kwa mkono: uso wa puli na feni yake vizunguke pamoja, pasiwe na kucheza hata kidogo. Fundi anayejiamini hatachukia kuombwa hivyo. Na mtu yeyote asikupakie grisi kwenye nyuso za puli "ili iteleze vizuri". Kuteleza ndiko tunakokuondoa.

Sasa asubuhi. Mlio wa "tk" ni swichi ya stata inayoitika huku umeme wa kuzungusha injini hautoshi. Kabla ya kununua betri, fungua sehemu yake, kwenye skuta nyingi iko chini ya pale unapoweka miguu, na utazame vichwa vyake. Huku pwani huota unga mweupe au wa kijani. Toa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto kidogo, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, paka mafuta ya mgando juu yake. Halafu ufuate ule waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye fremu au kwenye injini. Hapo ndipo chumvi hupenda kukaa. Fungua bolti, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, funga tena, paka mafuta. Skuta nyingi za Mtwara na Lindi nilizoletewa kwa "betri imekufa" zilipona hapo.

Bado haiwaki? Azima mita ya umeme. Betri iliyolala usiku ikionyesha volti 12.6 kwenda juu imejaa, 12.2 iko nusu; chini ya 12 ina njaa. Bonyeza stata ukitazama: ikiporomoka chini ya 9.5, betri imechoka au haikuchajiwa. Kisha washa kwa kiki, vuta resi kidogo, pima tena. Usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ukibaki 12 na ushei, betri mpya nayo itakufa, kwa sababu haichajiwi. Zikaguliwe rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) na koili ya chaji. Ukipita 15, rektifaya inaichemsha betri na itaua taa pia. Vipimo vitatu, dakika chache, na unakwenda dukani ukijua unachonunua.

Oili. Hapa wenye skuta wengi husahaulishwa jambo, tena si kwa ubaya. Bodaboda ina oili moja, ya injini na ya gia ni ile ile. Skuta yako ina mbili. Ya injini ni kama lita 0.8, kiasi kamili utakisoma kwenye kitabu au kwenye mwili wa injini. Ya gia iko nyuma karibu na gurudumu, ina nati zake, na ni kidogo sana, kama lita 0.1. Ile ndogo haikaguliwi mpaka gurudumu lianze kuvuma. Kwa kuwa hujui historia yake, mwaga zote mbili sasa. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; weka mpya, tembea siku chache, mwaga tena, na utafute yalikopitia.

Kwenda na kurudi Mikindani hadi mjini ni kama kilomita 20. Siku tano za kazi ni 100, kwa hiyo kilomita 1,500 unazifikisha kwa muda wa kama miezi mitatu na nusu. Badilisha oili ya injini hapo, usingoje iwe lami. Ya gia mara moja kwa mwaka inakutosha. Mwaga injini ikiwa na joto kidogo, si ya kuunguza. Angalia chini: kwenye skuta nyingi za aina yako ile nati kubwa ndiyo iliyoshika springi na chujio dogo la waya, vinadondoka pamoja kwenye beseni. Vioshe kwa petroli kidogo, virudi kama vilivyotoka. Kaza kwa kiasi. Nyuzi ni za alumini. Na oili kuukuu usiimwage mchangani, hasa ninyi mnaokaa hatua chache kutoka ghuba. Weka kwenye dumu, gereji nyingi huipokea.

Tukija dukani, kopo linaweza kuandikwa JASO MA au MB, ambavyo ni viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. MB imekusudiwa skuta, kwa sababu klachi yake haimo kwenye oili. MA haiidhuru skuta. Kinyume chake ndicho kibaya: oili ya MB iliyobaki kwako usimpe jirani mwenye bodaboda, klachi yake itateleza.

Chujio la hewa lisikupite, hasa kuanzia Oktoba korosho zinapotoka na magari ya mizigo yanapotimua vumbi kwenye njia za ndani. La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likamue bila kulisokota, likauke kivulini, lipake oili safi kidogo na ulikamue tena. La karatasi haliogeshwi. Gonga vumbi, likizidi badilisha. Plagi itoe injini ikiwa baridi kabisa: rangi ya kahawia hafifu ni afya, masizi meusi makavu mara nyingi ni chujio lililoziba, nafasi ya cheche iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatoka, ufuate kibandiko cha skuta. Magurudumu ya inchi 10 hayasamehe upepo mdogo, na shimo dogo tu kwenye lami hukunja rimu. Breki za mbele tazama unene wa pedi. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu yanafyonza unyevu hata ukiwa hutembei, na hewa ya huku ina unyevu mwingi. Kopo litasema DOT 3 au DOT 4, ufuate maandishi ya kifuniko cha kikopo cha maji ya breki cha skuta yako. Yakidondokea rangi, osha hapo hapo, yanaimenya.

Sasa kuosha, ambako mimi naona ndiko matengenezo ya kweli ya mtu wa pwani yalipo. Presha acha. Ndoo mbili, sabuni ya maji isiyo kali, vitambaa viwili na brashi laini vinatosha. Maji yawe baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya bomba au ya mvua. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, kuoshea hayo ni kurudisha kile unachokiondoa. Tumia ya kununua, ndoo mbili tu. Injini ipoe kwanza. Ziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko, na ukumbuke kuutoa. Anza juu kushuka chini, na kitambaa cha magurudumu kisipande kwenye rangi. Chini ya pale pa miguu, ndani ya madigadi na kwenye stendi ndiko kwa kutumia muda, maana chumvi ya barabara ya kando ya ghuba hukaa huko usikoiona. Suuza kwa kumimina taratibu, usirushe kwenye matundu ya kifuniko cha mkanda, kwenye tundu la ufunguo wala kwenye beringi. Kausha kwa kitambaa, kisha zunguka nayo kidogo ukiminya breki taratibu zikauke.

Upepo wa kusi ukishika, hata skuta ambayo haikutoka ndani ya ua hupata ukungu wa chumvi. Wiki hizo futa kwa kitambaa chenye maji baridi katikati ya wiki, si lazima uoshe yote. Na turubai la nailoni lisiguse mwili wake, kwa sababu hutega unyevu usiku kucha. Kivuli chenye hewa ni bora kuliko turubai.

Kuhusu Msimbati, nenda, ni pazuri sana. Ila skuta iache penye ardhi ngumu, usiipeleke mchangani na wala usiipitishe ukingoni mwa maji. Ikirushiwa maji ya bahari, isuuzwe jioni ile ile, usilale nayo.

Kutu uliyoiona chini, sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma cheupe kionekane. Futa vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje, mbali na moto. Paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikikauka paka rangi. Kwenye ekzosi inahitajika rangi ya kuhimili joto, ya kawaida itaungua siku ya kwanza. Lakini kabla ya kupaka, gonga bomba la fremu lililo chini ya miguu kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi, hasa karibu na viungo vya kuchomelea na pale maji yanapotuama. Sauti iwe ya kulia. Ikibadilika kuwa butu, au bisibisi ikibonyea, simamisha skuta. Fremu iliyoliwa haipakwi rangi, na hiyo ndiyo sehemu pekee katika swali lako ambayo ingenitia hofu.

Fanya hivi: Jumamosi hii anza na waya wa hasi na vipimo vya betri, kisha kifuniko cha mkanda. Ukikuta oili ndani yake, niandikie iko nyuma ya puli ipi. Ukikuta pakavu, nipe namba zilizo mgongoni mwa mkanda, upana uliobaki kwa milimita na rangi ya kikombe cha klachi. Nikipata hivyo nitakwambia ununue kipi, na kipi ukiache dukani.